Ng'ambo ya Mto Mweusi

"Fundi, uzeeni ndiyo unajifunza kutambaa?"

Kinyozi alisimama mlangoni, kitana kimechomekwa kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Ndani, chini ya meza, Fundi Saa alikuwa amepiga magoti. Viganja vyake vilipapasa sakafu polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayenyoosha shuka.

"Parafujo imenidondoka," alisema bila kuinua kichwa. "Ya saa ya yule mwalimu mstaafu. Usije ukaikanyaga."

Kinyozi aliinama, akatupa jicho mara moja tu, akacheka. "Hii hapa. Imekaa juu ya kiatu chako, inakuangalia."

Aliiokota kwa ncha ya kidole alichokilowesha mate, akaiweka kwenye kisahani cha bati juu ya meza. Fundi aliinuka, akajipangusa magoti, akacheka naye. Ila kicheko chake kilichelewa kidogo.

"Mara ya tatu wiki hii," Kinyozi alisema.

"Parafujo za siku hizi ndogo mno."

"Saa yenyewe imetuzidi umri sote wawili."

Fundi alivuta kiti. Alikaa, akabandika kikuza chake jichoni, akaiinamia saa ya mwalimu kama mtu aliyezama kazini. Kinyozi alibaki pale kitambo, akimtazama, kisha akarudi kwake ambako kichwa kilichonyolewa nusu kilikuwa kinamsubiri.

Fundi alikuwa ametengeneza saa kwa miaka thelathini na moja katika kibanda kile, kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Maradhi yalimjia kwa kunyata. Presha ya macho haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni, kama panya anavyoanza mkate kwenye kingo, na mtu ambaye kazi yake yote ni kutazama mahali padogo kuliko punje ya mtama ndiye wa mwisho kugundua. Yeye aligundua kwa mabega. Milango ilianza kumgonga. Akaenda hospitali, na daktari wa macho akamwambia bila kuzunguka: "Kilichokwenda hakirudi. Kazi yetu ni kulinda kilichobaki." Akampa dawa ya matone, kadi na tarehe ya kurudi.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Sasa dunia nzima ya Fundi ilikuwa imebaki upana wa tundu la ufunguo, na tangu mvua zilipokatika, hata ndani ya tundu lenyewe palikuwa na ukungu.

Hakumwambia mtu. Kuliko wote, hakumwambia binti yake.

Simu iliita jioni ile akiwa anafunga kibanda. Hakuhitaji kutazama jina. Binti yake alikuwa na mlio wake peke yake.

"Shikamoo, Baba. Kesho saa nane mchana wanaifungua!"

"Marahaba, mama. Wanafungua nini?"

"Baba! Usinifanyie hivyo. Ng'ambo ya Mto Mweusi! Nimebadilishana zamu na watu wawili ghalani, mmoja nitamlipa kwa sikukuu nzima. Umeshaipakua?"

"Mashine imeipakua yenyewe."

"Usiingie bila mimi. Niahidi."

"Nakuahidi."

Alikata simu, akasimama na kufuli mkononi. Akalitafuta tundu la kufuli kwa kidole gumba, akaingiza ufunguo.

Mchezo wenyewe uliitwa Himaya ya Kunguru. Ulikuwa mchezo wa kwenye runinga, mkubwa kama nchi: ukishaingia, una misitu, masoko, magofu na mazimwi, na hakuna anayekusukuma wala kukuhimiza. Unatembea upendako. Binti ndiye aliyemletea baba yake mashine, siku arobaini baada ya kumzika mama. Aliiunganisha kwenye runinga, akamwekea kontrola mkononi, akampanga vidole kimoja kimoja kama anavyopangwa mtoto kushika penseli.

"Najua hutanipigia simu," alimwambia. "Na ukipiga, utaniuliza nimekula, nimelala salama, halafu utasema salamu kwa wote wakati naishi peke yangu. Basi tucheze, Baba. Kila Jumapili."

Naye alisema kweli. Kwenye simu walikuwa watu wa dakika moja. Lakini kwenye Himaya, spika zikiwa masikioni na macho yote mawili mbele, maneno yalijileta yenyewe. Wakipanda mlima, binti angesema, "Juzi nimemwota mama," na Fundi, akiwa anamkata zimwi kichwa, angeweza kujibu, "Alikuwa amevaa nini?" Nyumbani, ana kwa ana, asingeuliza hivyo hata kwa viboko.

Macho yalipoanza kumwacha, Fundi hakuacha mchezo. Aliukariri. Kutoka lango kuu la mji hadi kwa mhunzi palikuwa na pumzi kumi na mbili ukikimbia, na nyundo ikilia kushoto, unageuka. Kwenye majani nyayo zilinong'ona, kwenye mawe zililia, kwenye mbao zilijibu. Mbwa mwitu walinguruma kabla ya kuruka. Alitupa upinde, kwa kuwa mshale unataka shabaha, akachukua ngao na rungu. Binti alipomuuliza sababu, alimwambia upinde ni silaha ya watu wanaoogopa kusalimiana.

"Baba, wewe nchi hii kama umezaliwa humu," binti alisema siku moja. "Una macho ya mwewe."

Siku ile Fundi alijisingizia kiu, akaenda jikoni, akasimama mbele ya mtungi wa maji bila kunywa.

Hiyo nyongeza, Ng'ambo, ilitangazwa miaka miwili nyuma: nchi mpya upande wa pili wa mto ambao wachezaji wote walikuwa wakiishia ukingoni mwake. Binti aliisubiri kama mtoto anavyosubiri likizo. Waliiahirisha mara moja, wakaiahirisha tena, na kila mara binti alipolalamika, Fundi alilalamika naye kwa sauti kubwa na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Nchi ya zamani aliijua kwa moyo. Hiyo mpya angeijuaje, naye hajawahi kuiona?

Jumapili alivaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda ugenini. Alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya runinga. Alitia matone, akafumba macho akihesabu hadi mia, kama alivyofundishwa, akavaa spika.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Nimebadilisha joho kwa ajili ya leo. Linanipendeza?"

Alilisogeza tundu lake juu ya kioo, kushoto, kulia, akiwinda. Akaona kijivu. Akaona kitu kinachotikisika. "Limekutoa, mama. Limekutoa haswa."

Mvushaji aliwachukua kwenye mtumbwi wake. Fundi alisikia makasia yakichota maji, akasikia upepo ukibadilika, kisha pua ya chombo ikakwaruza changarawe. Ndege wa upande huu walikuwa wageni. Hakuna mlio hata mmoja aliowahi kuusikia.

"Mungu wangu," binti alisema taratibu. Halafu akapaza sauti, "Baba, ona!"

"Naona."

"Na kule juu, ona!"

"Naona, mwanangu. Ajabu."

Alichoona ni kijani kilichopakazwa, kisha kijivu, kisha kijani. Aliamua kufuata kwato za nyumbu aliyepandwa na binti yake mchezoni. Kwato zilikuwa mbele, kulia kidogo. Naye akawa nyuma yake, kushoto kidogo. Ilikwenda vizuri hadi pale nyumbu aliposimama ghafla na Fundi akapitiliza. Upepo ukampigia masikioni muda mrefu, halafu kishindo.

Binti alicheka hadi akakohoa. "Baba, umeruka korongo! Ulikuwa unatafuta nini kule chini?"

"Nilitaka kuona kuna nini."

"Kuna mauti!"

"Basi nimeyaona. Tuendelee."

Mchezo ulimfufua ukingoni, na akaanguka tena. Mara ya tatu binti hakucheka. Alisema, "Pita nilipopita mimi," kwa sauti ya mtu aliyeanza kuhesabu jambo fulani kichwani, na Fundi akashika kontrola kwa nguvu hadi vifundo vya vidole vikamuuma.

Wakafika kwenye mlango wa mawe.

"Huu ni wa watu wawili," binti alisema, akisoma maandishi. "Mimi naingia chumba cha upande wa kulia, wewe cha kushoto. Alama ninazotakiwa kubonyeza zimechongwa ukutani kwako. Unanisomea, nabonyeza. Ngoma ikikoma hatujamaliza, dari inatuangukia wote. Rahisi."

Fundi aliingia. Nyuma yake jiwe likajifunga. Ngoma ikaanza, dum, dum, dum.

"Ya kwanza?"

Aliinuka kitini, akausogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Joto la runinga lilimpanda usoni. Alama zilikuwa jiwe juu ya jiwe, mikwaruzo ndani ya ukungu. Waya wa spika ukamvuta nyuma.

"Baba, ya kwanza nini?"

"Samaki."

Mlio wa kukosea. Ngoma ikakoma, dari ikaja chini.

"Haya, tena," binti alisema.

"Mwezi," Fundi alisema safari ya pili. Dari ikaja chini.

Safari ya tatu hakukisia haraka. Aliuma mdomo, akakausha jicho kwa mkono wa shati, akatafuta pale tunduni mstari wowote wa kushika. "Ndege," alisema. "Ndiyo. Ndege, ametanua mabawa."

Binti hakubonyeza kitu. Aliiacha ngoma imalizike.

"Baba. Upande wangu kuna vitufe sita. Hakuna samaki. Hakuna mwezi. Hakuna ndege."

"Labda mchezo una hitilafu. Vitu vipya hivi."

"Joho langu rangi gani?"

"Jekundu. Kama siku zote."

"Jekundu nililivua. Nimekwambia mwanzoni kabisa nimebadilisha, ukasema limenitoa." Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ndogo, ya miaka mingi nyuma. "Tangu lini?"

Angeweza kusema miwani imevunjika. Uongo ulikuwa tayari, alikuwa ameuweka akiba. Lakini alikuwa amechoka, na katika chumba kile cha mawe hapakuwa na pa kukimbilia.

"Tangu mwaka juzi," alisema.

"Mwaka juzi! Kila Jumapili nasema ona, nawe unasema naona. Miaka miwili, Baba. Nilikuwa nacheza na nani?"

"Na mimi. Ulikuwa unacheza na mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Si ndiyo! Ningekuja!"

"Ungeacha kazi ukaja kunishika mkono. Mama yako alipougua uliacha chuo, ukamuuguza miaka mitatu. Wenzako walihitimu wewe ukiwa unafua mashuka. Aliomba radhi kwa hilo hadi siku anakata roho, hukuwepo chumbani, mimi nilikuwepo. Nikasema mimi sitakula hata mwezi wako mmoja."

Alisikia kiti cha binti kikisukumwa, huko mbali, katika chumba ambacho hajawahi kukiona.

"Hukuniuliza," binti alisema. "Hamkuniuliza, wewe wala mama."

Kisha mlio mfupi, ule wa mtu anapotoka mchezoni.

Fundi alibaki, spika amezichomoa, sauti ikitoka kwenye runinga. Ngoma ya chumba cha kushoto ilianza upya, ikakoma, dari ikaanguka, akafufuka, ikaanza tena. Alijua kitufe cha kuzima kilipo. Aliacha tu. Jirani alipogonga ukuta kuuliza hiyo ngoma ya nani, jua lilikuwa limekwishahama dirishani.

Jumatatu alipiga simu. Iliita hadi ikakata. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano hakupiga, alikaa kibandani na kikuza jichoni, bisibisi mkononi, saa ya mwalimu imefunguka mbele yake, gurudumu la mizani, lile linaloipa saa mapigo yake, limelala kwenye kitambaa kama kimdudu kilichokufa. Alijaribu kulirudisha mahali pake mara tisa. Mara ya kumi, springi, nyembamba kuliko unywele, ikajikunja chini ya kibanio. Hakuiona ikijikunja. Aliihisi.

Alivua kikuza. Alitoka, akapapasa ukuta hadi mlango wa pili.

"Kinyozi. Una kichwa cha mtu?"

"Sina. Karibu, nikunyoe."

"Njoo unisomee majina."

Kinyozi alimfuata. Saa zilizokuwa zinasubiri kazi zilikuwa ndani ya sanduku la mbao, kila moja na kikaratasi chake kilichofungwa kwa uzi. Kinyozi alisoma majina, Fundi akasema nani wa kupigiwa simu, nani wa kufuatwa. Nusu ya sanduku ilipokwisha, Kinyozi aliweka karatasi chini.

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Ulikuwa unajua?"

"Hata vichwa vya wateja wangu vilikuwa vinajua, Fundi. Mficha uchi hazai."

"Na anayeutembeza je? Anapata mapacha?"

Walicheka, na safari hii Kinyozi ndiye aliyechelewa kumaliza, kwa sababu kicheko chake kiligeuka njiani kikawa kitu kingine, akajifanya anatafuta leso.

Mwalimu mstaafu alikuja Ijumaa, mama mrefu mwenye sauti ya kuamuru darasa. Fundi alimkabidhi saa ndani ya bahasha, vipande vyote, pamoja na springi iliyokunjika.

"Nimeiharibu, Mwalimu. Nisamehe. Mpelekee fundi mwingine."

"Yuko wapi huyo mwingine?"

Fundi alifikiri. "Sijui," alikiri.

Mwalimu aliitikisa bahasha kidogo sikioni, kisha akaiweka kwenye mkoba na kuondoka. Mlangoni alipishana na mtu. Fundi alisikia nyayo zikipanda ngazi mbili za kibanda: ya kwanza kwa kisigino, ya pili kwa vidole. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepanda ngazi hivyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Alisimama, mkono mmoja mezani. "Umeacha kazi?"

"Nimeomba siku tano. Jumatano narudi. Salamu zako hizo?"

Alimkumbatia. Nywele zake zilinukia vumbi la maboksi ya ghalani. Kisha akajitenga, akaanza kuuliza maswali ya kukagua, kama mtu anayehesabu mzigo: dawa iko wapi, unatia mara ngapi, kadi ya hospitali iko wapi. Fundi alisema kadi atamletea, iko nyumbani, lakini binti alikuwa amekwishafungua droo. Alikuwa mtoto wa kibanda kile. Alijua kila karatasi inakolala.

Alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama anasomea mtu mwingine.

"'Operesheni imepangwa. Imeahirishwa. Sababu: mgonjwa hana wa kumsindikiza.'" Ukurasa uligeuzwa. "'Ndugu wa karibu: hakuna.'"

Nje mtu alikuwa anajadiliana bei ya kioo.

"'Hakuna' ndiyo mimi?" binti aliuliza.

"Ukisema unaye, wanampigia simu," Fundi alisema. "Walitaka mtu wa kukaa nami wiki mbili. Nikamwambia yule karani wa hospitali sina mtu. Aliniuliza mara mbili. Hata yeye hakuamini."

Binti aliketi kwenye kiti cha wateja. Alilia kama alivyolia mama yake, bila sauti, mabega tu. Fundi hakuyaona mabega, lakini kiti kilikuwa kibovu mguu mmoja na kilisema yote. Alinyoosha mkono, ukakuta hewa, akausogeza, ukakuta goti.

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari alikuwa yuleyule, mtu asiyezunguka maneno. Alitazama ndani ya jicho moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza. Aliuliza kwa nini operesheni haikufanyika, na kwa mara ya kwanza Fundi alisikia binti yake akidanganya. "Nilikuwa safarini," alisema. "Kosa ni langu." Daktari alisema mwaka jana lilikuwepo jambo la kufanya. Sasa operesheni ingekuwa kumsumbua mzee bure. Aendelee na matone. Mwanga ataujua, mchana na usiku. Mengine, labda mpaka mwisho wa mwaka, labda kabla.

Walikaa kwenye benchi la nje wakisubiri dawa. Binti alikuwa amempa mkono wake aushike juu ya kiwiko, kama inavyotakiwa, ingawa hakuna aliyemfundisha.

"Kwa nini ulisema vile?" Fundi aliuliza.

"Kwani ulitaka nimwambie nini? Kwamba baba yangu alinificha kwa sababu ananipenda? Angecheka."

"Asingecheka."

"Basi mimi ningelia. Nimechoka kulia, Baba."

Jioni ya mwisho, kabla ya safari, Kinyozi alikuja kufundishwa kutia matone. Aliapa kwa wembe wake kwamba hatakosa hata siku moja, akaondoka. Binti akapanga nguo kwenye begi. Kisha akawasha mashine, akachukua kontrola ya pili, akavuta kiti akakaa kando ya baba yake. Miaka yote ile hawakuwahi kucheza katika chumba kimoja.

"Subiri kwanza," Fundi alisema. "Geuka huku."

Alimshika kidevu, akamgeuza kuelekea taa, akamsogelea kama anavyosogelea saa. Uso mzima haukuingia tunduni. Ilibidi auone kwa vipande. Nyusi ya kulia. Kovu dogo la tetekuwanga. Jicho, lililokuwa linajitahidi lisipepese. Mbawa ya pua. Pembe ya mdomo, na hapo akakaa sana, kwa kuwa ilikuwa ya marehemu mkewe, tena ilikuwa inatetemeka. Kila alipopata kipande kipya, kile cha kwanza kilikuwa kimekwisha kurudi ukunguni. Alivishika vyote kichwani kwa mpangilio, kama alivyozoea saa ikiwa imefunguliwa mezani.

"Umezeeka kidogo," alisema mwisho.

"Asante sana."

"Imekukaa vizuri."

Binti alijipangusa, akaigawa runinga nusu kwa nusu, akawarudisha wote wawili kwenye mlango wa mawe. Ngoma ikaanza. Sasa yeye mwenyewe alizisoma alama za ukuta wa baba yake, akizitamka na kuzibonyeza kwa haraka, "nyoka, ngazi, jani, nyoka tena, mkono, nyota," na Fundi akaweka tu ngao yake juu ya kichwa, asijue kama ngao huzuia dari. Jiwe likaguna. Mlango ukafunguka, na upepo wa upande ule ukaingia kwenye spika, mpana, wenye kitu ndani yake kama maji ya mbali.

"Nenda mbele," binti alisema. "Mbele tu. Simama."

"Kuna nini?"

"Kuna... mti."

"Mti gani?"

"Mkubwa."

"Mwanangu, hivyo ndivyo unavyopokea mzigo ghalani? 'Kuna boksi, kubwa'?"

Alicheka, puani. "Haya. Mti mweupe. Hauna majani. Matawi yote yameelekea upande mmoja, kama... kama watu wamesikia wameitwa. Pitia kushoto kwake. Taratibu, kuna mteremko. Hapo. Sasa panda, panda, panda, tumefika juu."

Wakasimama. Nyumbu alikohoa. Fundi alisubiri aambiwe.

Binti alisikika akivuta pumzi kuanza, akaiacha. Akavuta nyingine. Kontrola yake ilikuwa imetulia, hakuna kitufe kilicholia, na mwanga mpya wa runinga, ambao Fundi aliuhisi usoni bila kuuona umbo, ulikuwa umekijaza chumba kizima.

"Mwanangu?"

"Subiri kidogo, Baba," alisema. "Natafuta neno."

Fundi aliweka mikono yake magotini, akasubiri.